Ubao wa Jana

Kamina, tarehe 12 juin 1988

Mutoto yangu Léa,

Minyi baba yako iko muzima, mbuzi iko muzima, goti ya kuume inalia sawa mulango ya kanisa, na moyo iko mubaya. Nimekusalimia. Sasa fungua masikio.

Nimekuwa wa mwisho. Kati ya bantu sita, baba yako njo wa sita. Muntu alifanya kazi ya reli miaka makumi tatu na moja, alisimama ku gare ya treni kila asubuhi kuita appel ya bantu mia mbili bila kuruka hata jina moja, huyu njo wa mwisho. Na wa kwanza ni nani? Usijisumbue kufikiri. Ni Tshiamala. Fundi wa nguo, jirani yangu, muntu anaoga mara mbili kwa siku sawa bata, na masharubu yake anachana na kitana kidogo alichotoa Kananga.

Habari ya concours, mashindano ya kufagia, unaijua, juu minyi njo nilikuomba programu. Lakini acha niipange tena, juu hasira inataka mupango. Komite ya quartier, ya mutaa yetu, ilipita siku tano za posho, kila Jumamosi, kuanzia 7 mai mpaka 4 juin, kuangalia parcelle gani, kiwanja ya nani, inafagiwa muzuri, na kila parcelle ikapata alama kati ya makumi mbili. Mwaka jana balijumlisha kwa mukono nyuma ya pakiti ya sigara, vita ikatoka. Mwaka huu nikasimama mu kikao nikasema: binti yangu wa Lubumbashi iko informaticienne, fundi wa kompyuta, ataandika programu, ordinateur ya Centre Tumaini itajumlisha, na mashine haina shemeji. Bakapiga mikono. Balitaka neno moja tu: mashine iandike majina, kutoka wa kwanza mpaka wa mwisho, alama isionekane. Mwaka jana alama ilitoa muntu meno mbili.

Karatasi ilitoka hivi: Tshiamala, Ngoy, Mulanga, Mbombo, Kalonji, Kabongo. Hata Ngoy, Léa. Ngoy iko na shimo mbele ya nyumba, bata ya quartier yote inazaliwa pale.

Zawadi ni brouette mupya ya chuma, toroli ya gurudumu moja. Tshiamala anaipitisha mbele ya mulango yangu asubuhi na mangaribi, tupu, gurudumu inalia kwii, kwii. Anabeba nini? Anabeba haya yangu.

Lakini brouette si kintu. Unajua kintu yenyewe. Mama Émerence, mujane wa adjudant Bolingo wa base ya askari, ule anauzisha samaki. Ku robinet, ku bomba ya maji, mbele yangu na mbele ya Tshiamala, alisema: «Nimechoka kufagia vumbi ya banaume. Mwanaume atanipata iko na parcelle safi.» Akacheka, akabeba basini yake, na kiisha akapanda treni kwenda kutafuta samaki Malemba-Nkulu. Atarudi mwisho wa juillet. Atakuta nini? Atakuta wa sita.

Nimefikiri sababu tatu. Moja, Tshiamala alimushonea suruali Mputu, ule anatumikisha ordinateur ya Centre. Mbili, mashine inaogopa masharubu. Tatu, ni weye. Mwaka jana nilipotaja jina ya Émerence, ulilia, ukaenda kulala bila kula bukari. Mama yako amefariki miaka tatu, na weye njo uliandika programu. Mutoto yangu, uliniibia alama, uliniweka chini kwa mukono yako?

Jibu bila kufunika.

Nilisahau: siku ya posho ya 21 mai mbuzi yangu Inspecteur alipotea kidogo, akarudi na maua mu mudomo. Sijui alipita wapi. Mbuzi ni mbuzi.

Baba yako,
Kabongo Ferdinand
(jina hii ya pili tuliificha chini ya godoro wakati balikataza majina ya bazungu, sasa inatoka kupiga hewa)


Lubumbashi, 19 juin 1988

Baba,

Nimeipokea barua yako kwa mkono wa Éliézer wa treni, ambaye uso wake ulionyesha kwamba ameisoma.

Sikukuweka chini. Programu yenyewe ina mistari arobaini. Inachukua jina la mtu, inachukua alama zake tano, inazijumlisha, inamwita mtu anayefuata, na mwisho inawapanga kutoka mwenye nyingi hadi mwenye chache. Haiulizi nani amemzaa nani. Niliijaribu hapa ofisini mara kumi kwa majina ya uongo, na mara kumi nikahakikisha kwa kalamu. Haikukosea hata mara moja.

Najua utasema mashine yenu ya huko si hii yetu ya ofisini. Ni kweli. Pascal ndiyo lugha niliyoandikia, lakini mashine haielewi Pascal; inahitaji mkalimani, ndiye tunayemwita compilateur, kama yule shemasi anayesimama kando ya mhubiri mgeni na kugeuza mahubiri kwa Kiluba. Mkalimani wetu ametoka kampuni moja, mkalimani wa Centre Tumaini ametoka nyingine. Lakini vitabu vyao vyote viwili vinasema wanaelewana, neno kwa neno. Nilimpigia Mputu simu ya ofisi: programu yangu ilipita kwake bila lawama hata moja. Kwa hiyo kama umekuwa wa sita, Baba, labda ni ufagio.

Na kuhusu kulia. Sikulia kwa sababu ya Mama Émerence. Nililia kwa sababu kinu cha Mama kilikuwa bado pembeni mwa jiko, na ndani yake bado mlikuwa na unga wa mihogo, alioutwanga yeye. Hukuugusa. Halafu ukataja jina la mtu mwingine huku umekiegemea.

Umeniuliza kama nimekuibia. Sijalizoea neno hilo kutoka kwako.

Mtoto wako,
Léa


Kamina, 22 juin 1988

Mama Émerence kule Malemba-Nkulu,

Barua hii inapanda treni mpaka Bukama, kiisha inashuka na boti ku Lualaba, na ikikufika na harufu ya samaki usishangae, minyi niliiandika ikiwa safi.

Hapa vumbi ya kiangazi imeanza. Ninafagia mara tatu kwa siku. Majani ya mwembe inaogopa kuanguka mu parcelle yangu, inazunguka inaanguka kwa Ngoy. Unauliza concours? Imemalizika, lakini si sana. Mashine bado inafikiri.

Sasa kintu kidogo, si wivu, ni kujua tu. Siku ya muungu, Jumapili iliyopita, nilikuwa ku gare, nikaona Tshiamala anamupa Éliézer bahasha. Nikamuuliza Éliézer: inaenda wapi? Akasema: Malemba. Nikauliza: kwa nani? Akasema: muzee, hii ni siri ya reli. Minyi! Reli gani iko na siri ambayo minyi sijui?

Bahasha ilikuwa nene. Muntu wa kuandika barua nene kwa mujane wa muntu, anatafuta nini? Kama ni mashairi, ujue anaiba mu kitabu. Kama ni picha yake, angalia masharubu kwa makini, upande wa kushoto ni fupi. Kama anasema yeye ni wa kwanza mu kintu fulani, ngoja kidogo, dunia inazunguka.

Niandikie ulisoma nini. Au usiniandikie. Lakini niandikie.

Jirani yako wa robinet,
Kabongo


Kamina, 26 juin 1988

Léa,

Kwanza neno ya kuiba. Nimeirudisha mu kinywa, nimeimeza, ilikuwa chungu. Usiitafute tena.

Pili, ufagio. Hiyo nimeisikia. Iko mu goti pamoja na maumivu ile ingine.

Tatu njo kubwa. Jana nilikuwa nakaa ku mulango, natoa karanga mu maganda, karatasi ya matokeo iko juu ya paja. Kila siku naisoma kujiumiza. Jana nikasema, acha nianze chini, angalau minyi nitakuwa wa kwanza. Nikasoma kwa sauti, na unajua sauti yangu ikisoma majina inarudi yenyewe ku gare: Kabongo! Kalonji! Mbombo! Mulanga! Ngoy! Tshiamala! Mbuzi akainua kichwa. Minyi karanga ikanianguka.

Mutoto yangu, ile ni appel. Ni liste ya komite, ile tulijiandikisha kwa herufi, K kwanza, T mwisho, imegeuzwa miguu juu. Nimeita bantu miaka makumi tatu na moja. Bantu ni bavivu bila mupango, ni bachafu bila mupango, hata walevi banaanguka kila mumoja upande wake. Hakuna siku bantu sita balifagia kwa kufuata herufi. Muntu hakupanga hii. Kintu njo ilipanga.

Na kintu hii nimeishaiona. Sikiliza.

Mwaka wa 1959 balinituma miezi miwili ku gare moja ndogo ya njia ya Bukama, kushika nafasi ya muntu alikuwa hospitali. Kazi: kuhesabu mabehewa na kuandika ku ubao mweusi. Hapa Kamina sheria ilikuwa: muntu anayetoka njo anafuta ubao. Ukiingia, unakuta mweusi, unaanza. Kule ndogo, sheria ilikuwa ingine: muntu anayeingia njo anafuta. Hakuna aliniambia, juu kila muntu anafikiri dunia yote inafuta sawa kwao. Ubao uleule, chaki ileile, kapita, musimamizi wa kule, alisema: kazi ni moja, Ferdinand, ingia tu. Nikaingia. Nikakuta namba, nikafikiri kapita ameishaniandalia, nikaongeza ya leo juu yake. Kesho nikaongeza tena. Siku ya tatu nikatuma télégramme kusema gare ile, yenye reli mbili na kuku kumi, iko na mabehewa makumi sita na moja. Chef mwenyewe akapanda draisine, kigari ya reli, kuja kuangalia nimeyaficha wapi.

Umeelewa? Siku ya kwanza namba yangu ilikuwa ndogo. Ya mwisho ilikuwa kubwa kupita zote, juu ilimeza zote. Haikuwa uongo, ilikuwa ubao wa jana.

Sasa uliza yule mukalimani wa Centre: kwao, nani anafuta ubao?

Émerence hajaandika. Tshiamala leo anapiga filimbi.

Baba yako,
Kabongo


Lubumbashi, 3 juillet 1988

Baba,

Barua yako niliisoma nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikaisoma kwa wenzangu watatu wenye diplôme. Mmoja aliuliza ulisomea wapi. Nikasema gare.

Ni hivyo hasa. Katika programu kuna mahali padogo panapoitwa «jumla», ndipo alama za mtu mmoja zinaongezwa moja juu ya nyingine. Mkalimani wetu wa hapa, kila anapomwita mtu mpya, anapafuta mahali pale mwenyewe na kuandika sifuri. Hakuna aliyemwamuru, ni adabu ya nyumbani kwake. Wa Centre Tumaini hafuti. Anakukabidhi mahali pale kama palivyoachwa, na kilichomo kimo. Mashine ilikuwa ndiyo kwanza imewashwa asubuhi ile, kwa hiyo wewe, wa kwanza kwenye liste, ulikuta ubao mweupe, samahani, mweusi. Ulipata alama zako tu. Kalonji akapata zako na zake. Mbombo akapata zenu wawili na zake. Na Tshiamala wa mwisho akapata za quartier nzima. Aliingia na parcelle moja akatoka na sita.

Vitabu vyote viwili havikudanganya. Lugha ni moja, maneno ni yale yale. Ila hakuna kitabu kilichosema nani anafuta ubao, na mimi sikuuliza, kwa sababu kwetu ulikuwa umefutwa sikuzote. Kosa ni langu. Mwalimu wetu alituambia tuandike sifuri sisi wenyewe, kila mara, hata kama inaonekana ni kupoteza wino. Nilikuwa na haraka.

Mpe Mputu kipande hiki. Aweke mstari huu peke yake, mara tu baada ya neno begin la kwanza, pale kila mtu mpya anapoitwa:

jumla := 0;

Kisha airudie kazi yote. Mwambie pia anitumie karatasi za komite, zenye alama za kila Jumamosi, katika bahasha iliyofungwa. Safari hii nitajumlisha kwa kalamu kabla ya kuamini.

Sasa lingine. Uliniagiza nijibu bila kufunika na nilifunika. Nilipofungua barua yako ya kwanza nikaona wewe ni wa sita, nilifurahi. Nilifurahi, Baba, kabla sijakuhurumia. Nikasema: basi Mama Émerence atakwenda kwa fundi, na jiko litabaki kama lilivyo. Sikuandika hilo katika programu. Lakini kama ningejua njia, sijui kama ningejizuia.

Mtoto wako,
Léa


Kamina, 10 juillet 1988

Léa, Léa, Léa,

Kabongo. Tshiamala. Mulanga. Kalonji. Mbombo. Ngoy.

Soma tena polepole, kama unakunywa chai. Mustari moja, mutoto yangu. Mputu aliandika kidole kwa kidole, minyi nikisimama nyuma yake nikipumua, akabonyeza, mashine ikanguruma, karatasi ikatoka, na baba yako akatoka mbele. Na Ngoy ameenda mahali pake, chini, kwa bata.

Komite ilitangaza kiisha misa. Président alieleza habari ya ubao, bantu balishika vichwa, mama mumoja akauliza kama mashine inaweza kumufutia na bibi wa pili wa bwana yake. Tshiamala mwenyewe alileta brouette. Alikuwa ameiosha. Nilijitayarisha kwa maneno, nilikuwa na maneno saba tayari ku ulimi. Akasema tu: «Baba Léa, gurudumu inataka mafuta kidogo.» Akaenda. Nimebaki na maneno yangu saba, sina pa kuweka.

Nimemuandikia Émerence: mashine imemaliza kufikiri. Nimemueleza na ubao, ajue akili ilitoka wapi.

Mputu amekufungia bahasha uliyoomba. Amefunga na gamu, na kamba ya ficelle, na timbre ya posta. Nilimuambia binti yangu hana siri na minyi. Akafunga tena.

Kuhusu kufurahi. Nimeisoma. Sikukasirika. Nilienda nikaangalia kinu. Unga ule umekuwa mweusi sasa.

Wa kwanza,
Kabongo Ferdinand


Lubumbashi, 16 juillet 1988

Baba,

Nimejumlisha kwa kalamu. Wewe: 17, 18, 18, 17, 18. Themanini na nane. Tshiamala: 19, 19, 11, 19, 18. Themanini na sita. Mashine sasa haidanganyi.

Ile kumi na moja ni ya tarehe 21 mai. Pembeni komite imeandika neno moja: mbuzi.

Mstari wangu unafuta kilichoachwa na mtu aliyetangulia. Haufuti mbuzi. Mstari wa kufuta mbuzi sijui unaandikwa kwa lugha gani, na wa kuuandika si mimi.

Léa


Malemba-Nkulu, 17 juillet 1988

Baba Léa,

Barua yako mbili zimefika, na harufu.

Uliuliza bahasha ya Tshiamala. Ilikuwa nene juu alikunja ndani kitambaa, nimupimie upana wa samaki. Maneno ni haya: «Mama Bolingo, jambo. Samaki kumi, upana huu, bila chumvi mingi. Ni za dada yangu. Tshiamala.» Njo yote. Nimeigeuza nyuma, nikaiangalia ku jua, juu na minyi ni mwanamuke. Hakuna kintu.

Minyi siku ile ku robinet nilikuwa nasema na weye. Yeye alisimama pale juu alikuwa na ndoo. Yeye alitaka brouette, weye ulitaka minyi. Sasa weye uko na brouette.

Na mbuzi. Tarehe 21 mai nilikuwa bado Kamina. Nilipita kwa Tshiamala, nikaona maua imekwisha, nikaokota kamba ya mbuzi yako. Haikukatwa, haikutafunwa. Ilifunguliwa. Fundo lile la bantu ya reli, la kuzungusha mara mbili, quartier yote ni weye peke yako unalifunga. Mbuzi haijui kulifungua. Tshiamala pia aliona. Aliniambia: mama, acha, muzee anacheza. Akapanda maua ingine. Minyi nikapanda treni nikisema, acha nione kama ataniambia mwenyewe. Umeniandikia barua mbili. Umesema habari ya masharubu, ya bata, ya télégramme ya 1959. Mbuzi hakuna.

Sikiliza, nitasema mara moja. Bolingo, Mungu amulaze, alihesabu salamu zangu miaka kumi na nane. Nani nilimusalimia ku soko, mara ngapi, kwa meno ngapi. Alikufa namba iko juu sana. Weye umeanza kuhesabu kutoka pale aliacha: bahasha, filimbi, kitana. Minyi sitaki muntu wa kuendeleza hesabu ya Bolingo. Uliniandikia habari ya ubao, ukajisifu. Muzuri. Basi futa.

Ninarudi siku ya posho, tarehe 23, na treni ya mangaribi. Siku ile, kabla sijafika, ufagie parcelle ya Tshiamala. Na ufagio yako, mbele ya bantu. Umuambie habari ya kamba kwa mudomo yako. Kiisha tutaona.

Samaki iko bei kali mwaka huu. Nimekuwekea.

Émerence


Kamina, 24 juillet 1988

Mutoto yangu Léa,

Leo sikusalimii kwa goti, juu kila kintu inauma sawasawa.

Barua yako na ya Émerence zilifika siku moja, kwa mukono moja wa Éliézer. Alinipa zote mbili na kofia ameivua, sawa muntu analeta habari ya kifo. Nilizisoma. Nikakaa. Nikamuangalia Inspecteur, naye akaniangalia, na mbele ya Mungu mbuzi yule alikuwa na uso safi kunipita.

Jana asubuhi nikachukua brouette. Nikaitia mafuta gurudumu. Nikapakia ufagio, reki, na mavi ya mbuzi iliyokauka, ambayo ni muzuri kwa maua, na ni haki mwenye kula arudishe. Nikapita katikati ya avenue. Bantu bakatoka. Ngoy akauliza: muzee, unahama? Nikasema: narudi ku 21 mai.

Tshiamala alikuwa anakunywa kahawa ku mulango. Nikasimama. Ile maneno saba nilikuwa nayo yote ikatoroka. Nikasema: «Fundi, kamba ile ni minyi nilifungua. Mbuzi hakuwa na shauri. Brouette ni yako, ilikuwa yako tangu mwanzo, hata mashine iliposema uongo ilisema kweli.»

Akakunywa kahawa mpaka chini. Akasema: «Ninajua. Anza ku pembe ile, upepo inatoka kule.»

Nikafagia. Léa, nilifikiri naijua kazi ya kufagia. Yule muntu ameweka jiwe ndogo nyeupe kila hatua, na kila jiwe iko na nyuma yake. Yeye akakaa ku kiti, mukono ku masharubu: baba Léa, pale. Baba Léa, umeacha jani. Baba Léa, hiyo si jani, hiyo ni maua, usiimalize weye pia. Bantu bakacheka mpaka Mulanga akakaa chini. Na minyi nikacheka kidogo, ilinitoka bila ruhusa. Saa sita dada yake akaniletea bukari na mboga ya sombe. Nikakula kwake, Léa. Miaka tisa tunatenganishwa na ukuta moja, sikuwa nimekula kwake. Komite wakapita kuona, Président akaandika brouette irudi kwa fundi, na minyi nikatia sahihi.

Mangaribi treni ikapiga. Émerence akatokea na kitunga ku kichwa, vumbi mpaka ku nyusi. Hakunisalimia. Akaangalia parcelle ya Tshiamala pembe kwa pembe, akatikisa kichwa kusema ndiyo. Akafungua kitunga akamutolea samaki zake, kubwa sawa mulango. Na minyi, Kabongo Ferdinand, muntu nimefuta ubao ile siku yenyewe, nikahesabu: moja, mbili, tatu, nikaona ya nne ni nene kupita haki. Ku ya tano Émerence akageuka, akaniangalia mudomo. Ulikuwa unasogea. Nikaufunga. Kilichobaki sikuhesabu, mpaka leo sijui kama zilifika kumi.

Akashika njia, si ya kwake, ya kwangu. Nikamufuata na ufagio ku bega. Njo nikakumbuka. Siku muzima nilikuwa kwa Tshiamala, na kwangu hakuna mukono uligusa. Majani, maganda ya karanga, mavi ya Inspecteur, na upepo ya kiangazi ilikuwa imemwaga Kamina yote mbele ya mulango. Parcelle ya sita kati ya sita. Ya sita kati ya mia. Mwanamuke aliapa ku robinet kwamba hafagii tena vumbi ya mwanaume, njo anasimama mbele yake.

Kiisha akatua kitunga, akanyoosha mukono, akachukua ufagio ku bega yangu.

«Leo tu,» akasema. «Kesho ni weye.»

Akafagia mpaka ndani ya jiko. Akafika ku kinu ya mama yako. Akauliza ya nani. Nikasema. Nilifikiri atauliza kitatafutiwa nafasi wapi, na nikakuona weye mu macho yangu, unatoka bila bukari. Alipiga magoti. Akafuta vumbi ya nje na kitambaa chake cha kichwa, polepole, mpaka mbao ikaonyesha mishipa. Unga ule wa ndani hakugusa. Akachukua sahani, akafunika juu, akakirudisha pale pale, ku alama yake ya duara mu udongo. Akasema: «Kuna bintu ya kufuta na kuna bintu ya kufunika tu, na binti yako akikuya ataamua mwenyewe.»

Basi ukuye. Treni ya siku ya kwanza, ile ya Jumatatu, iko na nafasi, nimeuliza Éliézer. Samaki iko. Jiko iko safi, ukiondoa pembe moja inayokungoja.

Baba yako,
Kabongo

Tshiamala anauliza kama programu yako inaweza kuhesabu vifungo. Nimemuambia: andika sifuri kwanza, fundi, kiisha tuongee.